Udongo wa Bibi Haupasuki

Wanawake wa jirani walipoanza kukanda udongo na mavi ya ng'ombe nyuma ya jiko la mama, mimi nilikuwa ndani napanga vikombe vya wageni wa msiba. Harufu ikaingia kwa mlango. Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za udongo hamhitaji kuelezwa. Ni harufu ya nyasi zilizotafunwa, ya mvua ya jana, ya majivu, na ya kitu kikali kidogo kinachobaki puani hadi jioni. Mjini watu huizibia pua. Mimi nilikaa juu ya gunia la mahindi nikalia kwa sauti, na waliokuja kunifariji wakadhani namlilia mama. Nilikuwa namlilia mama, ndiyo. Lakini aliyeingia na harufu ile alikuwa Bibi.

Bibi alikuwa mama yake baba. Tuliishi naye Tumati, huko Mbulu, upande wa mlimani, kwenye nyumba ambayo sasa haipo. Ukinikuta leo nimevaa viatu vya ofisini huwezi kuamini, lakini mimi nilifundishwa kusiriba ukuta kabla sijafundishwa kusoma, na mwalimu wangu alikuwa mkali kuliko walimu wote niliowahi kuwapata shuleni. Bibi hakukubali udongo wa popote. Alitaka wa kichuguu. Mavi alitaka ya ng'ombe aliyekula majani mabichi, siyo mabua, tena ya asubuhi hiyo hiyo. Majivu aliyachekecha kwa vidole. Akishakanda alifunika na gunia bichi, mchanganyiko ukalala, na ole wako uuguse kabla haujaamka. Kisha alipaka kwa kiganja, akimalizia na vidole vinne, akiacha mistari iliyopinda. Kila ukuta wa Bibi ulikuwa na mistari hiyo. Wasichana waliokuwa wanaolewa waliombewa na mama zao aje awasiribie nyumba, naye alikwenda, akala, akasifiwa, akarudi amevimba kichwa.

"Udongo wangu haupasuki," alikuwa akisema. Alisema kwa majirani, kwa padri, hata kwa kuku.

Kwetu ufa ulikuwa na maana moja tu. Ukiona ufa ukutani, huulizi, hungoji, unachukua ndoo unakwenda zizini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema Waswahili, na sisi watoto wa Tumati tulidhani methali hiyo ilitungwa na Bibi.

Mwaka ninaousimulia ulikuja baada ya miaka mibaya ya ukame. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa marefu kama magoti yangu, na baba, kama majirani wote, alipanda kulima juu zaidi, kule ambako babu aliacha nyasi na miti bila kuigusa. Sikumbuki mtu aliyefanya hivyo kwa ubaya. Nakumbuka baba akirudi na jembe begani, amechoka, akimwambia mama kwamba mwaka huu angalau tutapata maharage. Miti iliyokatwa tuliipikia. Mimi mwenyewe nilishangilia, kwa sababu kuni zilikuwa karibu.

Halafu mvua ikaja. Zamani mvua ya kwetu ilikuwa na adabu. Ilinyesha mchana, ikawaachia watu nafasi ya kuanua nguo, ikarudi. Ile haikujua kuacha. Ilinyesha ugali ukisongwa, ikanyesha ugali ukiliwa. Kuni zikafuka moshi tu. Nguo zikanuka kwapa na ukungu. Chemchemi ikachimbuka nyuma ya choo, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji, na sisi watoto tukafurahi kwamba safari ya mtoni imekwisha.

Siku moja mtendaji wa kijiji aliwaita watu uwanja wa kanisa. Alikuja na dada mmoja kutoka wilayani, mwembamba, amevaa buti kubwa zilizomfanya atembee kama bata. Yule dada alieleza vizuri kabisa. Mvua ikizidi, alisema, mlima uliokatwa miti hunywa maji mpaka ukashindwa kujibeba. Akataja dalili: chemchemi mpya, miti kuinama, milango kugoma kufunga, nyufa kwenye ardhi. Wanaokaa chini ya mteremko wahame kwa muda. Watu walimpigia makofi, wakampa chai, wakamshukuru sana, wakarudi kulala chini ya mteremko. Usiwacheke. Ungehamia wapi na kuku, na mbuzi, na mzee ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yake? Na mlima ule uliwaona babu zao wote.

Mimi katika maneno yote ya yule dada nilishika moja, nyufa. Kwa sababu nilikuwa nimeuona mmoja. Ulikuwa juu ya nyumba yetu, pale nilipopeleka mbuzi, umekatisha shamba la maharage kama mtu aliyepitisha kisu kwenye mkate. Nilikuwa naruka huku na huku juu yake nikiimba. Sasa nikaelewa kwamba ufa wa mlimani ni jambo baya hadi watu wa wilaya wanakuja na buti. Basi, kazi yangu ikajulikana.

Kesho yake nilipanda na kopo la udongo na mavi, nikausiriba.

Sikusiriba wote, ulikuwa mrefu. Nilichagua pale palipokuwa pembamba, karibu na jiwe ambalo mbuzi walipenda kulala, nikapaka kama nilivyofundishwa, nikamalizia na vidole vinne, nikafunika na matawi ili mvua isiubomoe. Nikashuka nimevimba kichwa kama Bibi. Siku iliyofuata nikakuta umepasuka katikati. Nikadhani nimekosea majivu. Nikapaka tena. Ukapasuka. Nikachukua udongo wa kichuguu kingine. Ukapasuka. Kila siku nilipaka na kila siku ulipasuka, na sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia nani? Bibi angesema nimemwaibisha.

Mwishowe nilimwambia mama, tena kwa kulalamika. Alikuwa anasonga ugali.

"Mama, udongo wa mwaka huu ni mbaya."

"Udongo gani?"

"Ule ninaosiriba mlimani."

Mwiko ukasimama. "Unasiriba nini mlimani, wewe Paskalina?"

"Ufa. Kila nikirudi nakuta umepasuka. Usimwambie Bibi."

Mama alikuwa mtu wa taratibu. Katika maisha yake yote sikuwahi kumwona akiacha ugali katikati, isipokuwa siku ile. Aliuepua ukiwa uji uji, akajitupia kanga kichwani, akanishika mkono. Tulipanda kwenye manyunyu. Nilimwonyesha kazi yangu nikitegemea lawama. Yeye hakuangalia udongo wangu. Alipiga magoti akatumbukiza mkono kwenye ufa, ukaingia hadi kiwiko, akachukua fimbo yangu ya kuchungia mbuzi akaitumbukiza, nayo ikaingia yote. Alipoiachia haikutoa hata mlio wa kugonga.

"Yesu na Maria," alisema mama. Kisha akanibeba mgongoni kushuka, mimi mkubwa vile, nikaona raha.

Baba alipanda naye, akarudi uso umebadilika. Mzee Tluway, jirani yetu wa chini, alikuwa amepita kuomba kijinga cha moto. Nilimpenda sana Mzee Tluway. Alikuwa na mzaha kwa kila mtoto, na ng'ombe wake wa kulimia, mwekundu mwenye pembe moja, alimwita Mwenyekiti. Aliposikia habari ya ufa na kazi yangu alicheka mpaka akakohoa.

"Paskalina, nyumba zetu zimekwisha, sasa unamsiribia Mungu mlima wake?"

Lakini baba hakucheka. Alimgeukia Bibi, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda chake anachambua maharage.

"Mama, lazima tuondoke. Twende ng'ambo ya mto, kule kanisani, mpaka mvua ikatike."

"Nendeni," alisema Bibi.

"Na wewe."

"Mimi nimeolewa hapa. Baba yako amelala hapo nyuma. Nimwachie nani?"

"Yeye ameshakufa, mama!"

"Ndiyo maana hawezi kuhama."

Baba alikuwa mpole, lakini siku ile alipaza sauti. Alimkumbusha mambo ya ng'ombe. Sisi watu wa Mbulu hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Tunawagawa kwa marafiki, mmoja kwa rafiki wa Nambis, wawili kwa Mzee Gidamis kule Hirbadaw kwenye nyanda za chini za Hanang, ili ugonjwa au njaa ikija upande huu, upande ule kibaki kitu. Na wao wakikaukiwa huko chini, wanatuletea wa kwao. Bibi ndiye aliyeshikilia desturi hiyo nyumbani kwetu kuliko mtu yeyote.

"Ng'ombe unawagawa ili wasife pamoja," baba akasema, "halafu sisi watu unataka kutulaza zizi moja!"

"Ng'ombe hana kaburi la mume wake hapa," Bibi akajibu, na akaendelea kuchambua maharage.

Mama alikuwa ameshaanza kukunja mablanketi. Mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba watu wazima wanagombana kwa sababu ya ufa wangu, na kwamba Bibi akibaki mimi nitabaki naye, maana nilikuwa nalala kitanda kimoja naye tangu mdogo wangu azaliwe. Nikaanza kulia.

Bibi akaniangalia. "Unalia nini?"

"Nilipaka vibaya."

"Ulichanganya nini?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa dharau, dharau ya fundi kwa mwanafunzi, akauweka ungo chini. "Mtoto amepaka ovyo kwenye matope, mnataka kuhama nyumba! Leta ndoo. Nitapaka mwenyewe. Udongo wangu haupasuki."

Baba akafungua mdomo, mama akamkanyaga mguu. Nadhani mama alishajua udongo huo utakuwaje kesho yake.

Tulipanda sote mlima, Bibi na fimbo yake, akitukana utelezi, mimi na ndoo, Mzee Tluway nyuma akisema anakuja kuhudhuria ufunguzi. Bibi alichagua jiwe lile lile la mbuzi. Alisafisha kingo kwa kucha, akashindilia mawe madogo, akapaka tabaka la kwanza, akangoja, akapaka la pili. Alifanya kazi ile mlimani kwa uangalifu ule ule aliofanyia nyumba ya bi harusi. Mwisho akapitisha vidole vinne, toka upande wa juu wa ufa hadi upande wa chini, mistari minne iliyopinda vizuri. Baba alimsimikia kibanda cha matawi juu yake. Jamani, ulipendeza. Nilitamani wageni waje wauone.

"Kesho asubuhi utaniambia," Bibi akaniambia.

Baba hakukubali tulale pale. Alitupeleka sisi watoto na mama kanisani jioni ile ile, yeye akarudi kukaa na mama yake. Kulipokucha niliwatoroka wenzangu nikakimbia kurudi, na mama akanikimbilia nyuma akinifokea. Tulimkuta Bibi ameshatangulia njiani na fimbo yake, hakuningoja nimwambie. Baba na Mzee Tluway walikuwa nyuma yake.

Tulifika juu. Matawi yalikuwa yamesimama vizuri, mvua haikuugusa udongo ule. Ulikuwa umekauka kama anavyotaka Bibi, mgumu, rangi ya chai ya maziwa. Na ulikuwa umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Siyo hivyo tu. Mistari ya vidole ilikuwa haikutani tena. Nusu ya juu ilibaki pale alipoipaka, nusu ya chini ilikuwa imeshuka, pamoja na ardhi yote iliyobeba shamba letu, na nyumba yetu, na zizi, na kaburi la babu. Mkono wangu ungepita kati yake.

Bibi aliinama akaweka vidole vinne kwenye mistari ya juu. Akavishusha taratibu. Vilifika mwisho vikaangukia hewani.

Mzee Tluway alivua kofia.

Bibi akasimama, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaniangalia mimi kwa muda mrefu. "Haya," akasema. "Twendeni."

Alishuka hadi nyumbani, akachukua kigoda chake na kibuyu cha maziwa. Akapita nyuma, akachota udongo kidogo wa kaburini akaufunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaondoka bila kufunga mlango. Na kwa kweli mlango huo ulikuwa umeshagoma kufungika tangu juma lile, sisi tukailaumu mvua. Njia ilipita mbele ya nyumba za majirani. Mwanamke mmoja alitoka na mwiko mkononi, akauliza, "Shikamoo Bibi, wapi na kigoda asubuhi hii?"

"Marahaba. Nahama. Udongo wangu umepasuka."

Yule mama hakuuliza la pili. Alirudi ndani akaanza kuwaamsha watoto. Na aliyefuata vivyo hivyo. Maneno ya dada wa wilayani walikuwa wameyasikia wote na kuyakubali. Lakini kumwona Bibi amebeba kigoda, hilo halikuwa la kupigia makofi. Kufikia saa nne upande wote ule wa mlima ulikuwa njiani, na kuku, na masufuria, na mbuzi wanaokataa kuvuka maji.

Mimi nilitembea kando ya Bibi nimejaa huruma. Niliamini kabisa kwamba anahama kwa aibu. Maisha yake yote amejisifu, sasa amesiriba mbele ya mwanawe na jirani na kazi imepasuka, atawaangaliaje watu? Nikamshika kidole.

"Bibi, pole. Labda ng'ombe alikuwa mgonjwa."

"Labda," alisema Bibi.

Mchana ule mvua ilikatika. Jua lilitoka kali, bonde zima likafuka mvuke, na watu waliojazana ukumbi wa kanisa wakatoka nje kuanika mablanketi na kuoneana aibu. Mtu akasema, si mnaona, tumekimbia bure. Mzee Tluway alikuwa amemwacha Mwenyekiti amefungwa, kwa sababu alikuwa na mguu mbaya na asingevuka maji ya asubuhi. Sasa maji yamepungua, akasema, naenda kumfungulia, narudi sasa hivi. Aliniuliza kama nina salamu za kumpelekea Mwenyekiti. Nikasema mwambie shikamoo.

Hatukuwa tumemaliza kuanika. Sauti ilianza chini sana, niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni, kama lori la mawe linamwagwa na halimaliziki. Mlima wetu ulishuka. Haukuanguka, ulishuka wenyewe, mzima, na miti iliyobaki imesimama wima kana kwamba imepanda gari, halafu ikalala. Bibi alinivuta uso kwenye kanga yake akisema usiangalie. Niliangalia. Nyumba yetu ilikuwepo, halafu palikuwa na udongo mwekundu mbichi unaotembea, halafu ukasimama. Ikaja harufu, ile ile ya kichuguu kikichimbwa, lakini kubwa, ikajaa bonde lote.

Baadaye kidogo Mwenyekiti alitokea kwenye njia ya mtoni akichechemea, anaburuta kamba. Kamba ilikuwa imefunguliwa vizuri, fundo kwa fundo. Tulimngoja aliyeifungua. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono hadi walipompata, na baba alikuwa miongoni mwao. Nakataa mtu aniambie Mzee Tluway alikuwa mkaidi. Aliondoka asubuhi kama wengine. Alirudi kwa sababu alimpenda ng'ombe wake, na jua lilimdanganya, kama lilivyotudanganya sote.

Tuliishi ukumbini, halafu kwa ndugu wa mama. Hatukuwa na kitu. Siku moja alitokea Mzee Gidamis kutoka Hirbadaw, mrefu, amejifunga shuka, anamswaga ng'ombe wetu mmoja na ndama wake. Alikuwa ametembea mwendo wote ule kupanda. Alimkabidhi Bibi kamba, akasema wa pili atabaki kwake azae, na kwamba nyumbani kwake kuna nafasi ya watoto kama tukikubali. Wakati ule ndipo Bibi alipolia, hakuwa amelia kabla. Mimi nilikunywa maziwa hadi tumbo likauma.

Tulijenga upya kwenye kilima kidogo kisicho na mlima nyuma yake, kule kwenye upepo ambako zamani hakuna aliyetaka kukaa. Lakini mashamba yalibaki mlimani, na njia ya shule, na nyumba za wengine. Yule dada wa buti alirudi na vigingi na kamba, akawafundisha watu kupima kama ardhi inatembea. Bibi akamfundisha kusiriba. Walipatana ajabu, wanabishana kutwa nzima. Yeye alipigilia kigingi, Bibi akapaka udongo kando yake, kila mahali palipotiliwa shaka, na nyasi zikarudishwa juu, na miti. Kila msimu wa mvua mtoto mmoja kwa zamu alipanda kabla ya shule kuangalia, kisha akapaza sauti kwa walio chini: "Haujapasukaaa!" Na walio chini wanaitika, wanaendelea kukoroga chai. Siku mtoto asipopaza sauti, watu hutoka nje. Imewahi kutokea. Waliondoka, na jua lilipotoka hakuna aliyerudi kufungulia kitu, maana sasa ng'ombe huondoka kwanza.

Mimi niliendelea kuamini kwamba Bibi alihama kwa aibu. Hata alipofariki, uzee tu, kitandani kwake, niliamini hivyo. Nilikuwa nawasimulia rafiki zangu mjini kama kichekesho, bibi yangu aliyeokolewa na majivuno. Hadi nilipokuja nyumbani na binti yangu mchanga, nikakisimulia mbele ya mama. Mama hakucheka.

"Aibu?" alisema. "Bibi yako alijua tangu alipotia ukucha kwenye ule ufa. Aliniambia njiani tukishuka. Alikuwa ameshaamua kubaki na mume wake, basi, mlima uje. Mwenyewe hakuogopa."

"Sasa kwa nini alihama?"

"Aliniambia, 'Nikibaki, huyu mtoto atapanda kila asubuhi kunisiribia mlima.'"

Nilimkumbatia binti yangu. Mama akaendelea kumenya viazi.

Ndiyo maana juzi harufu ile iliniangusha kwenye gunia. Walipomaliza kusiriba sakafu niliwaomba udongo uliobaki. Mke wa mdogo wangu akasema, "Wifi, kama unataka kupanda kusiriba mlimani, mama yetu alipaka mwenyewe mwezi huu kabla hajalala kitandani. Tulimkataza. Unamjua."

Nilipanda na binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa wa kunishika mkono mimi nisiteleze. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima ya msiba. Kigingi kilikuwepo, na kando yake, chini ya kibanda kidogo cha matawi, udongo wa mama. Alikuwa amemalizia na vidole vinne. Alipaka huku anaumwa. Mstari mmoja ulitetemeka katikati. Nikapiga magoti, nikaweka vidole vyangu juu ya mistari yake, nikavipitisha toka upande wa juu hadi upande wa chini. Vilipita vyote.

Chini, uani, watu wa msiba walikuwa wamesimama wanatuangalia, wanangoja. Nilikuwa nimesahau kwamba wanangoja. Binti yangu akanigusa bega.

Nikavuta pumzi nikapaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kitoto kabisa: "Haujapasukaaa!"

Wakaitika.